Laptopu mpya, Office gani? Word ya kreki, LibreOffice, Google na daftari la shangazi

 

Leo siasa naiweka pembeni. Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali moja na watu wanne hapa hapa Nungwi: "Nimenunua kompyuta, niweke Office gani?" Wa kwanza ni kijana anayepeleka wageni kuzamia. Wa pili ni mwalimu wa madrasa. Wa tatu ni mzee fundi wa majahazi, ambaye mwanawe ndiye anayemwandikia hesabu za mbao na misumari. Wa nne ni jirani yangu, mtoto wake kaanza kusoma kompyuta skuli. Wote niliwajibu mbio mbio barabarani, na baadaye roho ikanisuta. Jibu la mbio mbio katika jambo hili liliwahi kunitia aibu mbele ya wanawake 28. Basi leo najibu kwa kituo.

Kwa asiyeelewa tunazungumzia nini: "Office" kwa lugha ya mtaani ni kile kifurushi cha programu za kuandikia barua, kupigia hesabu kwenye majedwali na kutengenezea slaidi. Wengi tunadhani ni kitu kimoja na kompyuta yenyewe, kama tairi na gari. Sivyo. Ni kitu unachochagua, na vifurushi viko vingi.

KISA CHENYEWE

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama ni wanawake 28: wapika chapati, wauza samaki, wasuka ukili, na wanaofanya usafi mahotelini. Kila Jumapili alasiri wanakutana barazani kwake. Hisa moja ni shilingi 2,000, na mtu haruhusiwi kununua zaidi ya tano kwa wiki. Wanakopeshana humo humo, na Ramadhani ikikaribia wanavunja sanduku na kugawana. Kwa wengi wao hizo ndizo pesa za futari, na nguo za watoto za Sikukuu humo humo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuingiza hesabu kwenye laptopu. Laptopu yenyewe ni used ya Dubai, niliinunua mjini. Muuzaji aliniambia, "Office ipo ndani, kila kitu kimo." Sikuuliza imetoka wapi. Kwani nani huuliza?

Siku tatu kabla ya mgao nafungua jedwali, naona mstari mwekundu juu unasema bidhaa hii haina leseni. Hesabu zote naziona, lakini nikitaka kuandika, wapi! Haiandiki. Ile programu ilikuwa ya kreki, na kreki yake ilikuwa imegundulika. Kosa si la kampuni iliyoitengeneza. Kosa ni la aliyeichakachua na langu mimi niliyekaa kimya.

Nikapanda gari ya 116 mpaka mjini, laptopu mapajani. Fundi mmoja akaniambia kazi ndogo hiyo. Akazima antivairasi kwanza ("la sivyo inakataa"), akaweka kreki nyingine, akachukua pesa yake. Nikarudi Nungwi nimefurahi. Asubuhi nachomeka flashi, kila faili limegeuka njia ya mkato, ukilibofya halifunguki. Na mimi kwa akili zangu faili la kikundi nilikuwa naliweka kwenye flashi tu, nikidhani ndiyo usalama!

Nilikwenda kumwambia shangazi. Hakunigombeza. Alikaa kimya kidogo, akaniambia, "Mwanangu, watu washaanza kukopa kwa Mwarabu wa duka, wanasema watalipa siku ya mgao." Afadhali angenigombeza.

Tulinusurika kwa vitu viwili. Kwanza, wiki tano kabla nilikuwa nimelituma faili kwa WhatsApp kwa binti yake aliyeko Muskat, ambaye naye ana hisa zake. Likarudi vile vile. Pili, shangazi ana daftari, lile kaunta buku lenye jalada gumu, na hakuwahi kuacha kuandika hata Jumapili moja. Kijana wa mapokezi kwenye hoteli ya jirani alikuwa na LibreOffice kwenye flashi yake, akaniwekea bila hata senti (na kisheria inaruhusiwa, nitaeleza). Nikafungua lile faili la wiki tano nyuma, likafunguka, jumla zote pale pale. Usiku ule shangazi anasoma, mimi naandika, mpaka karibu na alfajiri.

Hapo ndipo tukagundua jambo jingine. Jumla ya mwanachama mmoja kwenye daftari ilikuwa zaidi ya jumla yangu kwa shilingi 10,000 kamili. Nikatafuta nikatafuta. Kumbe kuna Jumapili moja nilikuwa nimeandika "10,000/=" kwa mazoea yetu, badala ya 10000. Kompyuta ikiona ile "/=" inachukulia kwamba hayo ni maneno, si namba, na ikijumlisha inairuka kimya kimya. Haikuonyi wala nini. Hisa tano za mtu zimepotea, na bila lile daftari tungemgawia pungufu na yeye angeondoka akisema ahsante.

Kosa hilo si la programu fulani. Excel inafanya hivyo, LibreOffice inafanya hivyo, Google nayo hivyo hivyo. Dalili yake ni hii: namba halisi huegemea kulia mwa kisanduku, maneno huegemea kushoto. Ukiona tarakimu zimeegemea kushoto na wewe hukuzipanga hivyo, simama hapo hapo uangalie.

Mgao ulifanyika siku yake, alhamdulillah. Lakini mimi nilijifunza kwamba swali la "Office gani" watu tunaliuliza kinyume. Tunauliza ipi nzuri. Cha kuuliza ni: faili langu likiwa ndani yake, nani mwenye ufunguo?

MASWALI MATATU KABLA YA KUCHAGUA

Moja: Nani mwingine atalifungua faili lako? Kama ni wewe na familia yako tu, una uhuru mkubwa. Kama ni ofisi inayokutumia fomu na inataka irudi vile vile, uhuru unapungua.

Mbili: Leseni ikiisha, bando likiisha au umeme ukikatika, bado utaweza kufanya kazi? Sisi wa Unguja hatuna haja ya kufundishwa hili. Mwaka 2008 waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na ukaja tena Disemba 2009, tukakaa mpaka Machi 2010.

Tatu: Baada ya miaka kumi faili hilo litafunguka? Barua ya kuomba kazi ikipotea si kitu. Hesabu za kikundi, makubaliano ya kiwanja, orodha ya urithi, hayo ni mengine.

Sasa tuje kwenye vifurushi vyenyewe.

1. MICROSOFT OFFICE

Tusidanganyane, hii ndiyo inayotumika maofisini kwingi. Ukiambiwa "lazima ujue kompyuta" kwenye tangazo la kazi, mara nyingi maana yake ni Word na Excel. Kwa hesabu kubwa na zile programu ndogo ndogo zinazoandikwa ndani ya jedwali, Excel iko mbele.

Inauzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kodi: Microsoft 365, unalipa kila mwezi au kila mwaka. Kwa bei ya Marekani ya tangu Januari 2025, ya mtu mmoja ni dola 99.99 kwa mwaka na ya familia, ambayo hutumika na watu mpaka sita, ni dola 129.99. Ya pili ni kununua mara moja kwa kompyuta moja: Office Home 2024, iliyotoka kwa dola 149.99. Zidisha mwenyewe kwa bei ya dola ya siku hiyo. Ukoo wenye watu sita wakichangiana ile ya familia, kila mmoja anaangukia chini kidogo ya dola 22 kwa mwaka. Hiyo si mbaya kwa mwenye kazi nayo.

Lakini elewa kodi maana yake nini. Ukiacha kulipa, mafaili yako utayaona na utaweza kuyachapisha, ila kuhariri na kuanzisha mapya basi. Na hata uliyoinunua moja kwa moja ina umri. Office 2010 Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2020, Office 2013 Aprili 2023, na Office 2016 pamoja na 2019 zote 14 Oktoba 2025. Haina maana kwamba inazimika siku ile, inaendelea kufunguka. Ila tundu la usalama likigundulika, halizibwi tena. Laptopu nyingi za used zinazouzwa mjini zina hayo matoleo ya zamani.

Kuna pia toleo la bure la kwenye kivinjari: unafungua akaunti ya Microsoft, unapata Word na Excel nyepesi. Sharti intaneti iwepo.

2. YA KREKI

Naiweka peke yake kwa sababu ndiyo tuliyo nayo wengi, tuseme kweli. Watu husema ni ya bure. Mimi nimelipa nauli ya kwenda mjini na kurudi, nikamlipa fundi, nikapoteza mafaili. Bure gani hiyo?

Fikiria jambo moja tu: ili kreki iingie, unaambiwa uzime antivairasi. Yaani mgeni anakuja nyumbani usiku, anakwambia mfungie mbwa kwanza ndipo niingie, na wewe unamfungia! Aliyetengeneza kreki humjui, na humo ndani kaweka nini hujui. Wanaoiba nywila na wanaofunga mafaili wakadai pesa wanapenda sana kupitia mlango huo. Kama unafanya malipo ya simu au benki kwenye laptopu hiyo hiyo, hujaiweka Office tu, umeweka na roho yako rehani.

3. LIBREOFFICE

Hii ni programu huria. Unaipakua bure, unaitumia bure, unaweza kumnakilia jirani kwenye flashi, na hakuna sheria uliyoivunja. Ndiyo maana yule kijana wa mapokezi alinipa bila wasiwasi.

Ina historia yake. Ilianzia Ujerumani kwenye kampuni ya Star Division, iliyokuwa na kifurushi kikiitwa StarOffice. Mwaka 1999 Sun Microsystems ya Marekani ikainunua, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake kwa dunia nzima kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle. Watengenezaji wengi wakaingia hofu kwamba kazi yao itafungwa kabatini, wakajitoa, na Septemba 2010 wakaunda taasisi ya The Document Foundation na kuendeleza kazi kwa jina la LibreOffice. OpenOffice yenyewe bado ipo chini ya Apache, ila mambo mapya karibu yote yako LibreOffice. Ukiambiwa uchague kati ya hizo mbili, chukua LibreOffice.

Faili la kupakua ni kama MB 350. Pakua mara moja palipo na Wi-Fi, weka kwenye flashi, mtaa mzima umepona. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na haihitaji intaneti kabisa ukishaiweka.

Mapungufu yake? Yapo, msiambiwe hayapo. Barua yenye mapambo mengi kutoka Word inaweza kufunguka mistari imesogea. Sababu mara nyingi ni aina ya herufi. Kompyuta ikikosa herufi za Calibri au Cambria, LibreOffice inaweka zake ziitwazo Carlito na Caladea, zenye upana ule ule, na hapo mambo hukaa sawa. Kwa herufi nyingine za ajabu ajabu ndipo kunapoharibika. Na zile programu ndogo zilizoandikwa ndani ya Excel mara nyingi hazifanyi kazi zote.

4. GOOGLE DOCS NA SHEETS

Uzuri wake ni mmoja mkubwa: watu wengi kwenye karatasi moja. Orodha ya michango ya harusi, huyu yuko Nungwi, huyu Muskat, huyu London, kila mmoja anaona nani katoa. Umeme ukikatika ulichoandika kimeshahifadhiwa. Simu inatosha, hata laptopu si lazima.

Ubaya wake: bila bando ni tabu. Kuna njia ya kufanya kazi bila intaneti, lakini lazima uiwashe mapema ukiwa mtandaoni, na kwenye kompyuta inataka kivinjari kama Chrome. Nafasi ya bure ni GB 15, na humo zimo barua pepe na picha zako pia. Halafu kuna hili wengi hawalijui: akaunti binafsi isiyotumika miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo, na utaratibu huo ulianza kutekelezwa Disemba 2023. Mzee aliyefunguliwa akaunti na mjukuu, mjukuu akaenda zake Bara, nywila ikasahaulika… hesabu hizo zimekwenda.

5. WPS OFFICE

Ya kampuni ya Kichina ya Kingsoft. Sura yake inafanana na ya Microsoft, ni nyepesi, na kwenye simu wengi wanayo. Ya bure inakuja na matangazo, na baadhi ya kazi utaambiwa lipia kwanza. Kwa kusomea na kurekebisha barua ndogo inafaa. Kwa kumbukumbu za miaka, mimi siwekezi huko.

NA KISWAHILI JE?

Hapa nataka niwakumbushe jambo ambalo vijana hawalijui. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walikaa na washirika wao kutoka Sweden, kwa ufadhili wa Sida, wakaitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili. Disemba 2004 toleo likatoka, likaitwa Jambo OpenOffice. Ukifungua menyu unakuta Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nao wakatangaza mpango wa kuweka Kiswahili kwenye bidhaa zao. Mimi nilipoliona lile toleo la Jambo nilicheka mwanzo, maneno yalikuwa mageni. Baada ya wiki nikazoea, na mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui, alikuwa anahifadhi barua mwenyewe bila kuniita.

Jambo OpenOffice ya wakati ule haitumiki tena. Lakini angalieni tofauti. Programu ilikoma, mafaili yaliyoandikwa ndani yake hayakufa. Barua niliyoihifadhi wakati ule inafunguka leo kwenye LibreOffice, kwa sababu umbo la faili si siri ya mtu. Umbo lililolifuata, ODF, lilipitishwa mwaka 2006 kuwa kanuni ya kimataifa ya ISO, yeyote anaweza kutengeneza programu ya kulisoma. Microsoft nao umbo lao jipya, hilo la docx na xlsx lililokuja na Office 2007, lilipitishwa na ISO mwaka 2008. Kwa hiyo leo ukihifadhi kwa odt au docx uko pazuri zaidi kuliko zamani.

Faida nyingine ya ile kazi ya kuleta Kiswahili kwenye programu huria: kati ya kamusi za tahajia za LibreOffice kuna ya Kiswahili. Mnaijua ile kero ya kuandika barua nzima ya Kiswahili na kila neno likapigiwa mstari mwekundu kama mtoto mjinga darasani? Ingia kwenye mipangilio ya lugha, chagua Kiswahili cha Tanzania, mistari mingi itaondoka. Haijui maneno yote, ila inajua mengi.

Na kwa walimu wa madrasa: LibreOffice inaandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto bila shida. Ukiwa hujaona vitufe vyake, kwenye hiyo hiyo mipangilio ya lugha washa sehemu ya maandishi changamani, vitatokea.

CHA KUFANYA SASA HIVI

Kabla hujafuta wala kuweka chochote, nakili mafaili yako yote sehemu mbili: moja kwenye diski ya laptopu, nyingine nje yake. Flashi peke yake si akiba, mimi ni shahidi.

Halafu weka LibreOffice hata kama una Microsoft. Hazigombani, zinakaa pamoja kwenye kompyuta moja. Fungua mafaili yako muhimu matano, uone yanavyokaa. Yakikaa vizuri, ile ya kreki huihitaji tena, iondoe na uichunguze laptopu kwa antivairasi.

Kwenye LibreOffice nenda kwenye mipangilio ya kuhifadhi, punguza muda wa kujihifadhi yenyewe. Inakuja ikiwa dakika 10. Mimi nimeweka 3. Betri za used tunazijua wenyewe.

Ukimtumia mtu barua ambayo haitaki kubadilishwa, itume kama PDF. Itafunguka kwake kama ilivyo kwako, awe na Office yoyote. CV zenu jamani, zitumeni hivyo.

Na kila mwisho wa mwezi chapisha hesabu kwenye karatasi, mhusika atie saini. Sina utani.

MAJIBU YA WALE WANNE

Kijana wa kuzamia: orodha ya wageni weka Google Sheets, maana unaijaza ukiwa pwani na mwenzako yuko dukani. Ankara zitengeneze kwenye LibreOffice uzitume PDF.

Mwalimu wa madrasa: LibreOffice, bila kufikiri mara mbili. Pesa ya leseni nunulia misahafu.

Mzee fundi wa majahazi: LibreOffice, na daftari usilitupe. Mwambie mwanao aandike 50000, asiandike 50,000/=.

Jirani yangu: uliza skuli mtoto anafundishwa kwa programu ipi. Kama ni Word na Excel, mwanzo toleo la bure la kwenye kivinjari linatosha kuzoea vitufe, na kazi za nyumbani afanye kwenye LibreOffice. Akifika mahali kweli inamhitaji Microsoft, changishaneni ndugu sita mnunue ile ya familia. Lakini usimfundishe mtoto kwamba somo la kwanza la kompyuta ni kutumia kitu cha wizi.

Mimi mwenyewe baada ya kisa kile nilirudi kwenye mafaili ya miaka miwili ya nyuma, nikayalinganisha na madaftari ya zamani ya shangazi, mstari kwa mstari. Nikamkuta mmoja. Ile "/=" tena, shilingi 6,000. Tulimfuata kwake, shangazi akampa mkononi, tukamwomba radhi. Alishangaa, akasema, "Mbona mimi nilidhani kompyuta haikosei?"

Tangu hapo kila Jumapili shangazi anaisoma jumla kwa sauti kutoka daftarini, na mimi naisoma kutoka kwenye laptopu. Zikilingana, sanduku linafungwa. Zisipolingana, hakuna anayeondoka barazani.

Mwenye swali au mwenye uzoefu tofauti na wangu aandike hapo chini, tusaidiane. Na wewe uliyebobea kwenye Excel usinitukane, nimekusifia hapo juu.

Wabillahi tawfiq.